Behewa Lisilo na Sakafu

Anayetaka kujua nchi yetu iko wapi asijisumbue na ramani. Ramani zote zilikusanywa mwaka ule mipaka ilipokuwa ikifanyiwa usafi, na hazijarudishwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi njema, ina milima na mito, ina mashamba ya katani mpaka macho yanachoka, na ina Sheria ya Furaha, inayomkataza mtu mzima kununa hadharani. Reli pia tunayo. Gari la mwisho la abiria lilipita zamani kidogo, lakini reli yenyewe ipo, isipokuwa pale ilipong'olewa.

Mkuu wa nchi tunamwita Mwenyewe. Ana jina lake kamili, ila limeongezewa sifa hadi shuleni linafundishwa kwa mihula miwili. Mwaka ninaousimulia, Mwenyewe alikwenda ng'ambo kutibiwa kidole cha mguu, kwa kuwa hospitali zetu ni kubwa mno kwa maradhi madogo kama hayo. Huko wenyeji wake walimpandisha garimoshi la kale, lile la kuchemsha maji kwa makaa, ambalo watu wa huko wamelifufua ili wafanyie matembezi siku za mapumziko. Mwenyewe alikaa dirishani, akala keki, moshi ukamwingia machoni, akatokwa na machozi.

Aliporudi alituhutubia uwanjani.

"Nimepanda garimoshi," alisema. "Nimefurahi. Sasa, mimi si mchoyo. Kabla ya Sikukuu ya Taifa na ninyi mtafurahi. Asiyetaka kufurahi ajitokeze sasa hivi."

Hakujitokeza mtu. Tulipiga makofi mpaka tukaruhusiwa kuacha.

Kazi ilikabidhiwa Wizara ya Uchukuzi na Furaha, chini ya Mheshimiwa Dakta Bonaventura Kilongola. Mimi wakati ule sikuwa na kazi. Nilikuwa mtangazaji wa mpira, lakini timu yetu ya taifa iliacha kucheza ili isifungwe, na tangu hapo haijafungwa. Waziri aliniita akaniambia nitakuwa Msimulizi wa Mandhari: nitapanda na abiria, nishike kipaza sauti, niwaonyeshe uzuri wa nchi. Akanionya kwamba uzuri ulio tayari ni wa upande wa kulia tu. Upande wa kushoto haukukamilika, kwa hiyo madirisha ya kushoto yangezibwa kwa mbao.

Garimoshi lilipatikana katika karakana ya zamani nyuma ya stesheni kuu. Lilikuwa jeusi, kubwa, limejaa kutu na viota vya popo. Siku milango ilipofunguliwa nilikuwepo, na hapo ndipo nilipomwona Injinia Yusto Mkombwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyesomeshwa mitambo ya mvuke nchi za mbali enzi ambazo nchi yetu ilikuwa bado inasomesha watu. Alikwenda moja kwa moja akaliwekea gurudumu kiganja, kama mzazi anayempima mtoto homa.

"Linapona?" Waziri alimwuliza.

"Ngoja nilione ndani, Mheshimiwa."

Alivua koti, akaingia ndani ya tumbo la boila kwa kujisukuma. Tukamsikia akigonga huku na huku. Alipotoka, uso wote ulikuwa masizi.

"Boila limepasuka," alisema. "Hilo linazibika. Lakini mabomba ya shaba hayamo. Yote. Mtu ameyakata kwa msumeno, kwa utulivu kabisa."

Waziri alitikisa kichwa kwa masikitiko. Karakana ile ilikuwa chini ya Kamati ya Kulinda Urithi wa Reli, iliyopewa ufunguo ili mabomba yasiibwe. Tangu ipewe ufunguo hakuna bomba lililoibwa tena, kwa kuwa hayakuwepo. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Waziri mwenyewe.

"Yaliyopita tuyaache," alisema. "Unahitaji muda gani?"

"Nikipata vifaa, miaka miwili."

"Sikukuu ya Taifa ni mwezi wa tisa, Injinia."

"Mwezi wa tisa naweza kulipaka rangi."

"Lipake," Waziri alisema. "Halafu liende."

Injinia angeweza kuacha kazi siku ile ile, na nadhani alikusudia hivyo. Kilichomzuia ni msiba. Dada yake, Salome, aliugua tumbo, akapelekwa hospitali ile iliyo kubwa mno, akalazwa kwenye ujia kwa kukosa kitanda, akafa kabla daktari hajarudi kutoka kwenye semina ya uzalendo. Walimzika Alhamisi mchana. Mume wake, Mwalimu Elifasi Ngoda, aliyekuwa akifundisha jiografia kabla ramani hazijakusanywa, alikuwa akirudi makaburini kwa miguu wakati msafara wa Mwenyewe ulipopita. Watu wote kando ya barabara walitabasamu. Mwalimu hakutabasamu.

Kesi yake haikuchukua muda. Askari alieleza kwamba mshtakiwa alinuna kwa makusudi, akiwa amevaa nguo nyeusi, rangi inayojulikana kwa kununa.

"Nilikuwa natoka kumzika mke wangu," Mwalimu alisema.

Hakimu, ambaye alikuwa mtu wa haki, alifungua Sheria ya Furaha akaipekua yote. "Humu hakuna mahali panapotaja wake," alisema. Akampa miaka mitano.

Injinia alikwenda kwa Waziri akapiga magoti. Naam, mtu yule mwenye shahada zake alipiga magoti juu ya zulia. Mimi nilikuwa nje ya mlango nikisubiri kufundishwa majina ya vilima.

"Mheshimiwa, shemeji yangu ana kifua kibovu. Jela itamwua. Nakuomba."

Waziri alimwinua kwa mikono yake mwenyewe. "Injinia, mimi nina moyo. Wewe fanya garimoshi liende. Likienda, siku ya uzinduzi shemeji yako utamkuta humo humo ndani ya garimoshi. Nakupa neno langu la heshima."

Injinia alilia, akamshukuru. Na lazima niseme hapa, kwa kuwa watu humsema vibaya Dakta Kilongola, kwamba neno lake alilitimiza.

Tangu siku hiyo Injinia alihamia karakana. Aliagiza mabomba; yakapokelewa bandarini kwa ngoma, yakapotea kati ya bandari na karakana. Aliagiza breki, zikapotea pia. Kilichofika salama ni rangi, kwa sababu haiyeyushwi ikauzwa. Basi akapaka. Kichwa kikawa cheusi cha kung'aa, shaba ya kengele ikasuguliwa, mabehewa mawili ya abiria yakapakwa rangi ya maziwa na kuwekewa mapazia. Ungeliona ungelipenda. Lakini moyo halikuwa nao, na mwezi wa tisa ulikuwa unakuja.

Siku moja Waziri alikuja kukagua. Injinia alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Haliendi, Mheshimiwa. Halina mabomba. Ukitaka liende, tafuta watu walisukume."

Alisema kwa uchungu. Lakini Waziri alilizunguka garimoshi, akarudi na uso uliojaa nuru.

"Hiyo ndiyo elimu," alisema. "Hiyo ndiyo faida ya kusomesha watu. Sasa tatizo ni moja tu: wasionekane."

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa nasema tu."

"Umesema vizuri. Watu wa kujitolea tutawapata. Wewe watengenezee mahali. Mfikirie shemeji yako."

Ndivyo lilivyozaliwa behewa la nyuma. Injinia alichukua behewa la mizigo lenye kuta za mbao, akang'oa sakafu yote, ili watu wakiwa ndani watembee juu ya mataruma ya reli na kusukuma kwa vifua, bila mtu wa nje kuona miguu yao. Sketi ya turubai ilishuka mpaka karibu na ardhi. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema, aliwafikiria hao watu wa kujitolea. Alifunga nguzo za kushika kwa urefu wa kifua, akazizungushia magunia wasichubuke. Alitoboa madirisha ya hewa, ila Waziri aliamuru yazibwe na kuchorwa maua juu yake. Nje liliandikwa kwa herufi za dhahabu: BEHEWA LA UTAMADUNI. Kichwa kilipunguzwa uzito kwa kutoa kila kilichobaki tumboni mwake. Katika tanuri wangechoma matairi na majani mabichi kupata moshi, na honi ilitolewa kwenye lori.

"Njia yote iwe tambarare," Injinia alisisitiza. "Mpaka stesheni ya Mbangu na kurudi. Zaidi ya Mbangu kuna mlima. Halina breki hili."

"Tambarare tupu," Waziri alikubali.

Siku ya uzinduzi stesheni ilipambwa. Abiria walichaguliwa na wizara kwa uzuri wa meno. Miongoni mwao alikuwa binti mmoja fundi cherehani, Zawena, aliyekuwa hajawahi kupanda chombo chochote kirefu kuliko baiskeli, na aliyeniamkia kwa furaha ya kweli kabisa, jambo lililonishtua kwa kuwa nilikuwa nimeizoea ile nyingine. Kulikuwa na balozi mmoja mgeni, mpishi na sinia zake, na mwishowe Mwenyewe, na kofia ya dereva wa treni aliyonunua ng'ambo.

Injinia alikuwa akimtafuta shemeji yake. Alipita behewa la kwanza, akapita la pili, akitazama nyuso. Kisha akaenda nyuma. Wafungwa walikuwa wakiingizwa kwenye Behewa la Utamaduni kwa kupitia chini ya turubai, mmoja mmoja, wakiwa wamevalishwa kanga mabegani ili wafanane na kwaya. Wote walikuwa wa kosa moja, kununa. Mwalimu Elifasi alikuwa wa mwisho. Mambo waliyosemezana nimeyapata kwa Mwalimu mwenyewe, baadaye.

"Shemeji," Injinia alisema.

Mwalimu alilitazama behewa. "Hili umelitengeneza wewe?"

"Ni mimi."

Mwalimu aliinama, akachungulia ndani, akaigusa nguzo yenye gunia. "Umelitengeneza vizuri. Umefikiria kifua."

Akaingia. Injinia alibaki amesimama nje mpaka honi ya lori ilipopigwa mbele.

Tukaondoka. Mimi siyo mtu wa kusifu bila sababu, lakini safari ile ilianza kwa uzuri. Moshi mzito ulipanda angani. Kengele ililia. Garimoshi lilitembea kwa mwendo wa bibi harusi, na upande wa kulia niliwaonyesha abiria shule mpya, ambayo ilikuwa ukuta mmoja, na msitu mpya, ambao ulikuwa umefika asubuhi kwa malori. Kutoka nyuma kulisikika wimbo, mzito, wa taratibu, wenye kishindo cha miguu.

"Ni nini kile?" balozi aliuliza.

"Kwaya ya asili ya reli," Mwenyewe alimjibu. "Watu wetu hawawezi kukaa bila kuimba."

Balozi alitoa simu akaurekodi. Zawena aliegemea kiti changu. "Kaka," aliniuliza kwa sauti ndogo, "mbona wanaimba kama wanahema?"

Nilimwambia atazame upande wa kulia.

Tulifika Mbangu salama. Utepe ulikatwa, madafu yakanywewa, hotuba zikasomwa. Injinia alishuka kutoka kichwani akiwa mweusi kwa moshi wa matairi, akaagiza kamba zifungwe ndani ya Behewa la Utamaduni ili tuvutwe kurudi. Hapo ndipo Mwenyewe alipotazama mbele, akaona reli inapanda mlima, akauliza inakwenda wapi.

"Upande wa pili, Mheshimiwa, inashuka bondeni," mtu mmoja alijibu. "Panapendeza sana."

"Tuendelee," Mwenyewe akasema.

Waziri alikuwa ameshika dafu. Injinia alimwendea haraka, akamvuta pembeni, karibu na mimi.

"Mwambie haiwezekani."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye Waziri."

"Ndiyo maana," Waziri alisema. "Mimi nina cha kupoteza."

Basi Injinia Yusto Mkombwe akamwendea Mwenyewe, mbele ya watu wote, na kofia yake mkononi. Sijawahi kuona mtu akitembea vile. "Mheshimiwa," alisema, "garimoshi hili halina breki. Tukivuka kilele cha mlima ule, hakuna wa kulisimamisha. Nakuomba uwashushe watu."

Mwenyewe alimtazama, kisha akacheka, kicheko kizuri, cha kutoka tumboni.

"Injinia! Mimi nchi hii naiendesha mwaka wa ngapi huu? Uliwahi kuona breki?"

Tulicheka wote. Balozi aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa, naye akacheka. Tukapanda. Waziri peke yake alikumbuka kwamba lazima mtu abaki Mbangu kuandaa mapokezi ya kurudi, akabaki.

Injinia hakurudi kichwani. Alikwenda nyuma. Askari waliokuwa wakilinda Behewa la Utamaduni walimwuliza anataka nini, akasema anakagua kiungo cha mabehewa, akainama chini ya turubai, akaingia.

Ndani, Mwalimu alinisimulia, kulikuwa na giza na joto la tanuri. Injinia alijipenyeza mpaka mbele, akashika nguzo kando ya shemeji yake, akaweka kifua, akasukuma. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mlima ulianza. Wimbo ulikatika, ikabaki miguu na pumzi. Mzee mmoja, aliyefungwa kwa kununa kwenye foleni ya maji, alianguka juu ya mataruma. Waliokuwa nyuma yake hawakuweza kusimama, kwa kuwa wangesimama garimoshi lingewarudia. Wakamvuka, mguu baada ya mguu, wakimwomba radhi. Hakuwajibu.

"Shemeji, sikia," Injinia alisema huku akihema. "Kule juu likianza kushuka litavuta. Sisi tumo ndani, hatuna pa kurukia. Litatuburura."

"Sasa?"

"Wakati tunasukuma, kiungo kinalegea. Pini inachomoka kwa mkono. Likishaanza kuvuta haichomoki tena."

Mwalimu alielewa. "Na walioko mbele?"

"Nimewaambia."

"Wote wamesikia?"

"Wamesikia wakacheka," alisema. "Sijui walicheka kwa sababu gani, kila mmoja wao. Sijui, Elifasi."

Walipiga hatua nyingine nyingi. Mwalimu anasema alikuwa anataka kumwambia achomoe na anataka kumwambia asichomoe, na kwamba kifua chake hakikuwa na pumzi ya kusema hata moja. Injinia aliingiza mkono kwenye tundu la mbele, akachomoa pini.

Sisi mbele hatukuhisi kitu. Tulifika kileleni, bonde likafunguka lote, kijani, na mto unang'aa chini. Palikuwa pazuri kweli, kulia na hata kushoto kupitia nyufa za mbao, nami kwa mara ya kwanza sikuhitaji kutunga. Garimoshi lilianza kwenda lenyewe. Mapazia yakapepea. Mwenyewe alisimama, akashika kofia yake.

"Sasa ndiyo garimoshi!" alipaza sauti. "Mnaona? Mnaona?"

Tulishangilia. Zawena alikuwa kwenye dirisha la nyuma. Aligeuka, uso umebadilika. "Kaka," aliniita, "kwaya imebaki."

Watu walinitazama mimi, mwenye kipaza sauti. "Mabibi na mabwana," nilisema, "kwaya imemaliza wimbo."

Kasi iliongezeka. Mpishi alidondosha masinia. Mtu mmoja alianza kupiga kelele, na walinzi wa Mwenyewe wakamtaka apige kelele za furaha, naye akajaribu. Kwenye kona ya chini, karibu na mto, magurudumu yaliacha reli. Nilichokiona mwisho ni Mwenyewe akiwa ameinua mikono yote miwili, kama anavyofanya uwanjani akitaka makofi yaishe.

Nilizinduka nikiwa nimelala kwenye katani. Mtu mwenye kanga mabegani alikuwa akinitoa mguu chini ya chuma, viganja vyake vinavuja damu. Ndiye Mwalimu Elifasi. Wanunaji wote walikuwa wameshuka mlima mbio. Hakuna aliyekuwa akiwalinda. Askari walikuwa wamekimbia. Wangeweza kukimbia pia, lakini walikuwa wakivunja mbao kwa mikono, wakiita, wakitega sikio, wakivunja tena. Tuliotoka hai tulikuwa wachache. Waliokufa waliwalaza mstari mmoja, wakawafunika kwa mapazia. Kisha walichimba kwa mabati na vipande vya chuma, wakazika wote kabla jeshi halijafika. Injinia alichimba kuliko wote. Walipomwambia akimbie alikataa. Alikaa kando ya udongo mpaka malori yalipokuja kumchukua yeye na chuma chakavu.

Jioni hiyo redio ilitangaza habari njema. Mwenyewe amefurahishwa mno na garimoshi, hata ameamua kurefusha safari. Abiria wote wameomba kuendelea naye. Mpaka atakaporudi, Dakta Kilongola atakuwa Kaimu Mwenyewe.

Kwa kuwa ajali haikutokea, Injinia hakuweza kushtakiwa kwa ajali. Alishtakiwa kwa wizi wa behewa. Mimi niliitwa mahakamani na magongo yangu kuthibitisha kwamba sikuwepo. Hakimu, yule yule mtu wa haki, aliuliza behewa lililoibwa lilikuwa na sakafu au halikuwa nayo.

"Halikuwa nayo," Injinia alijibu.

"Basi sakafu umeipeleka wapi?"

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "kuna watu wamekufa."

Maneno hayo yalifutwa kwenye kumbukumbu. Alipewa kifungo cha maisha. Wale wanunaji hakuna aliyewatafuta. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba behewa lile lilibeba kwaya, na isingeweza kuwasaka watu ambao haikuwahi kuwafungia humo. Mwalimu aliishi mafichoni kwa kujificha hadharani, akiuza mkaa.

Mimi nilipewa kazi nyingine, kwa heshima ya mguu wangu. Kila Jumamosi jamaa za abiria walikaribishwa stesheni kuu kulisubiri garimoshi. Walikuja wamevaa vizuri, wanatabasamu, kwa sababu polisi walikuwepo. Mimi niliketi kwenye chumba cha matangazo chenye dirisha dogo na kusema: "Garimoshi la Furaha limechelewa kidogo. Abiria wote wanawasalimu." Mvua zikapita, kiangazi kikapita. Mama yake Zawena, mwanamke mfupi wa maneno machache, alikuwa akija dirishani na chakula kwenye hotipoti, ananiomba nikipeleke kwa binti yake kama kuna chombo kinachokwenda huko. Nilikuwa nakipokea. Ningefanyaje?

Jumamosi moja Mwalimu alikuja stesheni na gunia lake la mkaa. Alikuwa amekonda, anakohoa. Alisimama nyuma ya Mama Zawena, akamsikia akinikabidhi hotipoti, akanisikia nikimwambia nitaifikisha. Nilikuwa nimetoka kutangaza, kipaza sauti kiko mbele yangu.

"Mama," Mwalimu alisema. "Unampelekea nani?"

"Binti yangu. Zawena."

"Alikuwa amevaa nini siku ile?"

Mama Zawena aligeuka taratibu. Sikuona uso wake, niliona tu mkono wake umeshika ukingo wa dirisha langu. "Gauni la kijani. Alilishona mwenyewe. Lina vifungo vya mbao."

"Nimemzika," Mwalimu alisema. "Kwenye katani, karibu na mto, pale kwenye kona. Nilimfunika kwa pazia. Nilimlaza kwa upande wa kulia, sikujua dini yake, nikasema haitamdhuru."

Stesheni nzima ilikuwa imenyamaza. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye spika zote, juu ya paa, kwenye jukwaa, mpaka nje sokoni. Yeye hakutambua, au alitambua. Mzee mmoja alisukuma watu akafika dirishani.

"Na mwanangu? Alikuwa mrefu, ana kovu hapa."

"Yupo. Yuko kando yake."

Mwingine akauliza, na mwingine. Mwalimu alijibu kila mmoja kwa alichokumbuka: viatu, pete, jino, mkanda. Hakukosea popote. Waliojibiwa waliondoka dirishani wakakaa chini, sakafuni, kama wanavyokaa watu msibani, wanawake wakavuta kanga vichwani. Polisi walitazamana. Mmoja wao, kijana, alikuja mbele na bunduki yake, nikadhani anakuja kumkamata.

"Na Mwenyewe?" aliuliza. "Yuko wapi?"

"Yuko pale pale," Mwalimu alisema, "katikati ya mpishi na mama mmoja ambaye sikulijua jina lake."

Hapo ndipo walipokuja wakubwa. Mwalimu walimchukua akiwa bado anamjibu mtu. Sijui alipo. Watu walikaa sakafuni mpaka walipoondolewa kwa nguvu, na Jumamosi iliyofuata walikuja wamevaa nyeusi, wakakaa tena.

Mimi nimo humu ninamoandikia, na ninahojiwa kwa adabu. Wamenitaka nieleze kwa nini sikuzima kipaza sauti. Nimewaambia kitufe kilikwama. Wamekileta kitufe chenyewe hapa mezani, wamekibonyeza mbele yangu, kimezima bila taabu. Wamekibonyeza tena, kimezima.

Nimewaambia: siku ile kilikwama.